Sita au tisa?

Mwezi wa tano mwaka 2020 mama mmoja mwenye duka la vyombo alisimama ng'ambo ya mtaro, mbele ya kibaraza ninaposhonea, leso ameikaza usoni mpaka chini ya macho, akaniagiza maski za kwenda kuuza dukani kwake. Dazeni ngapi? Akajibu. Nikamwomba arudie. Akarudia, sauti ameipandisha. Mara zote mbili nilichosikia mimi ni "i-a". Nikaona haya kuuliza mara ya tatu, nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa, nikakaa siku tatu juu ya cherehani nikashona dazeni tisa. Kumbe alitaka sita.

Ukitaka kujua masikio yangu yako vipi, chukua maneno hayo mawili, sita na tisa, uyang'oe S na T. Kinachobaki ni kimoja. Sitini na tisini pia ni mapacha: i-i-ni. Sauti zilizonitoka ni zile nyembamba, za juu: s, t, f, k, sh, ch. Irabu bado zinanifikia kwa sababu ni nzito, na Kiswahili kimejaa irabu, alhamdulillah, ndiyo maana watu hudhani nasikia. Nasikia kweli. Nausikia wimbo wote, maneno ndiyo siyapati.

Maneno nilikuwa nayapata kwenye midomo. Midomo nayo ina hila zake. B, P na M zote hufunga mdomo namna moja, kwa hivyo baba, mama na papa, ukiniangalizia mimi, ni neno moja. Jirani yangu muuza viazi karai aliwahi kuniambia asubuhi moja kwamba papa amepanda sana kwenye soko la Marikiti. Nikabaki najiuliza baba wa nani, na amepanda nini, na kwa nini huyu anacheka. Lakini mtu hujua mazungumzo yanakoelekea, hukisia, akapatia mara nyingi kuliko anavyokosea. Kwa namba ndiyo sikisii. Nampima mteja mwenyewe, naisoma namba kwa sauti yangu, yeye anaitikia. Kama ni idadi, naomba vidole. Nimeshona miaka hivyo na sikuwahi kuharibu nguo ya mtu kwa ajili ya masikio.

Kisha ikaja korona. Mteja akae mbali, asipimwe, na mdomo aufunge.

Sikuzaliwa hivi. Mwaka 2014, nikiwa na miaka 29, nilipatikana na TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida. Nikaanzishiwa sindano za kanamaisini, kila siku isipokuwa Jumapili, miezi minane, leo tako la kulia kesho la kushoto, mpaka nikawa nakaa kwenye kiti kama kuku anayeatamia. Mwezi wa nne wa sindano nikaanza kusikia nyenje. Nilidhani ni wa kwenye mwembe wa jirani. Nikaingia ndani, nikafunga dirisha, nyenje wakaingia na mimi. Dawa za ukoo huo huua vijinywele vilivyo ndani kabisa ya sikio, na binadamu akishavipoteza havioti tena kichwani mwake, wala hakuna upasuaji wa kuvirudisha. Huanzia kwenye sauti za juu. Kwa hivyo kwanza nilipoteza ndege, halafu mlio wa simu, halafu S.

TB ilipona. Ugonjwa usiosikia dawa ukaondoka ukaniachia masikio yasiyosikia watu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kanamaisini isitumike tena kwa TB sugu, vipo vidonge. Habari hiyo niliisoma kwenye simu nikiwa na mashine mbili za kusikilizia nyuma ya masikio. Sina vita na ile sindano, maana kuna wenzangu wawili tuliokuwa tukikaa benchi moja kuisubiri ambao leo hawapo. Ila siku ile sikushona kitu.

Nimeyasema haya kwa sababu mwezi wa tatu 2020 mji ulipoanza kuogopa kikohozi, mimi nilikuwa nimeshapita hapo. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13. Wiki hiyo hiyo nilikohoa ndani ya matatu, kikohozi changu cha kawaida cha makovu ya mapafu, mzee niliyekaa naye akafungua dirisha, halafu akahama kiti, halafu akashuka kabla ya kituo chake. Nilimtambua. Simjui, lakini nilimtambua. Mwaka 2014 mtaa mzima aliyevaa maski alikuwa mtu mmoja tu, na kikombe changu kilikuwa na alama ya rangi ya kucha ili asije mtu akakosea. Mara hii angalau kila mtu alikuwa anamkimbia kila mtu. Nisiseme uongo, kulikuwa na kiburudisho kidogo ndani yake.

Mwezi wa nne serikali ikaamuru barakoa kila mahali pa watu. Redioni ni barakoa, mtaani kwetu Mombasa tulisema maski. Mafundi wote tuliacha madera tukaingia kwenye maski. Kwa kawaida Ramadhani ndiyo msimu wetu, nguo za Idi zinalala sakafuni kwa kukosa nafasi, lakini mwaka ule nani alikuwa na sikukuu ya kushonea? Mahoteli yamefungwa, waume wako nyumbani, barabara za kutoka Mombasa zimefungwa tangu tarehe 8 Aprili. Maski ndizo zilizotulisha. Shilingi hamsini kila moja, ya pamba, tabaka mbili. Lastiki iliadimika hadi tukawa tunaichana ile pana ya viunoni iwe nyembamba.

Mimi nilikuwa nashona huku nikijua ninachokishona. Niliifunga midomo ya mtaa mzima kwa mkono wangu mwenyewe, nikalipwa.

Na kitambaa hakifichi mdomo tu. Kinazimeza hasa zile sauti za juu, zile zile ambazo mimi tayari sina. Halafu mtu akiona hujamsikia anapiga kelele, na kelele huongeza irabu: anachonitumia ni "III-AAA". Ningeomba kitu kimoja kwa wanaosikia, ningeomba hicho: usipandishe sauti, badilisha neno. Ukitaka sita, niambie "nusu dazeni".

Nyuma ya sikio langu nako kulikuwa na msongamano kama wa soko la Kongowea: mashine, mkono wa miwani, lastiki ya maski, na juu ya vyote ushungi. Mimi nakaa Likoni, kwa hivyo kila siku ni feri, na siku moja kwenye foleni nilivuta maski ninywe maji, mashine ya kulia ikaruka nayo. Ushungi ndio ulioniokoa, iliangukia humo ndani kama embe kwenye kanga. Mashine mbili zile sikuzilipia kwa pesa za maski, na nisingeweza kununua nyingine. Jioni ile ile nikaanza kushona maski za kamba mbili za kufunga kisogoni, kwa ajili yangu. Wanawake wa buibui wakaziona wakazipenda kwa sababu zao wenyewe, zilivaliwa juu ya ushungi bila kuuvua. Zikatoka kuliko zile za lastiki. Ni biashara pekee niliyowahi kufanya kwa sababu ya uziwi.

Ile nyingine haikutoka. Niliona kwenye simu maski zenye dirisha la kuonyesha mdomo, nikasema hii ninaiweza. Plastiki ya kufunikia madaftari ninayo, shule zimefungwa, madaftari yamelala. Nikakata kidirisha, nikazungushia utepe, nikamvisha mwanangu. Baada ya sentensi mbili kikajaa mvuke, mdomo wake ukawa kama mtu anayeoga nyuma ya kioo. Nikapaka sabuni ya kipande kwa ndani, nikafuta kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane, mvuke ukapungua. Inafanya kazi, jaribu. Nikashona thelathini. Wateja walizishika, wakacheka, mmoja akasema ni kama kabati la vyombo. Aliyevaa ni shoga yangu peke yake, na yeye alipenda kwa sababu rangi yake ya mdomo ilionekana. Mungu ambariki kwa rangi yake ya mdomo, miezi ile ndiye mtu pekee nje ya nyumba yangu niliyezungumza naye mpaka tukamaliza.

Mwanangu wakati huo ndiyo kwanza kaingia kidato cha kwanza, na shule zilipofungwa akawa anakuja nami kibarazani. Akawa ndiye sikio. Mtoto wa miaka kumi na minne ni mkalimani wa aina yake. Waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alikuwa anazungumza na taifa karibu kila siku alasiri, jirani anatoa televisheni mlangoni, sisi tunakaa mbali mbali kwenye mkeka. Namwona waziri anazungumza, anazungumza, anainua kidole, anashusha miwani. Namgeukia mwanangu. "Amesema tukae nyumbani." Dakika ishirini zote?

"Si kuna yule wa ishara pale?" watu waliniambia, wakinionyesha mkalimani kwenye pembe ya skrini. Nilifurahi kuwepo kwake. Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na viziwi walioipigania wanastahili pembe ile na zaidi ya pembe. Lakini mimi siijui. Nilikuwa kiziwi nikiwa mtu mzima, mwenye mtoto na deni la cherehani. Lugha yangu ni hii unayoisoma, nilikuwa naomba tu iandikwe. Kilichonilisha habari ni ule mstari wa maandishi unaopita chini, wagonjwa wapya wangapi, kaunti zipi, na hata huo huwa unamezwa na tangazo la sabuni. Wasikiaji wanatudhania viziwi wa kuzaliwa, viziwi wa kuzaliwa wanatuona wasikiaji walioharibika. Sisi tuliopoteza masikio njiani tuko wengi sana, na hatuna pembe.

Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sikutaka kujaribu. Saa kumi na nusu nafunga cherehani, niwahi feri, mwanangu anatembea nyuma yangu, si mbele, ili gari likija atanivuta. Mtu anayesikia huitwa kwanza, akikaidi ndipo hushikwa. Asiyesikia anaanzia kwenye kushikwa. Mlangoni mwa duka moja kubwa mlinzi aliniita ninawe mikono, nikapita, akaita, nikapita, akanikamata bega kwa nyuma kwa nguvu hivi nikamwaga unga. Nilipomwonyesha mashine aliomba radhi, na radhi yenyewe aliiombea ndani ya maski, kwa hivyo nakisia tu kwamba ilikuwa radhi.

Betri zangu ni zile ndogo za duara zenye kibandiko cha rangi ya chungwa, namba 13. Ukibandua kibandiko hewa inaingia, unangoja dakika moja, ndiyo inaamka, na ikishaamka hailali tena mpaka ife. Moja inanichukua siku kumi hivi. Zilikuwa zinanijia kutoka Nairobi kwa mzigo wa basi. Mabasi yaliposimama nilikuwa na pakiti moja na nusu. Basi nikafunga sikio la kushoto kabisa, na la kulia nikawa nalifungua akija mteja tu, kama mtu mwenye taa ya mafuta. Nyumbani nikakaa na nyenje wangu. Mwanangu akajifunza kupiga sakafu kwa kisigino akinitaka. Wiki ya tatu nikaona kuna raha fulani ndani ya kimya kile ambacho si kimya, raha ya kutofuatilia, na raha hiyo ilinitisha kuliko betri zenyewe. Mtu anaweza kuzoea kutoulizwa kitu.

Kilichoniharibia saa zangu ni misikiti kufungwa. Adhana sijaisikia vizuri tangu 2015. Lakini nilikuwa naiona: saa saba kasoro wanaume wanaanza kupita mbele ya kibaraza, mikono ya kanzu imekunjwa, mmoja anafuta maji usoni, muuza kahawa anafunika birika. Mimi najua adhuhuri imeingia kabla sijaangalia simu. Misikiti ilipofungwa adhana iliendelea kutolewa, mwanangu aliniambia, ila hakuna aliyepita. Mchana ukawa mmoja, mrefu, usio na mikato. Nilikuwa nainua kichwa kutoka kwenye cherehani nikitafuta kanzu moja tu.

Kuna jambo lililokuwa jema nalo nilitaje. Watu walianza kuandika. Wateja ambao miaka yote walinipigia simu nisiyoweza kupokea, sasa wakawa wanajipima nyumbani na kunitumia vipimo kwa WhatsApp: kifua 38, kiuno 36, nyonga 44. Thelathini na sita kwa tarakimu! Hakuna i-a hapo. Nilipata oda kutoka Malindi na Lamu, kwa watu ambao mpaka leo hawajui kwamba sisikii, na sikuona sababu ya kuwaambia. Balaa ni ujumbe wa sauti. Watu wa Pwani tunapenda kusema jamani, mtu ana swali la maneno matatu anakutumia dakika nne, na salamu za wajomba humo. Nikapakua programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Inasaidia, ila Kiswahili chetu cha Mombasa huikoroga. Mteja alisema anataka gauni la shemeji, ikaniandikia gavana la shule. Nikamjibu, "Dada, andika, simu yangu mbovu." Miaka kadhaa sasa simu yangu ni mbovu.

Lakini nilichotaka kuandika hasa ni maneno mawili: "wacha tu". Unauliza mara ya kwanza, wanarudia. Mara ya pili, wanarudia kwa ukali. Mara ya tatu mkono unapungwa hewani: wacha tu, si kitu. Jirani wanacheka, namuuliza shoga anacheka nini, wacha tu. Kwenye mazishi ya ami yangu, watu kumi na tano tu wanaruhusiwa, tumesimama mbali mbali, kila mtu na maski yake, imamu anasema jambo na wote wanainama macho. Nikamshika mkono binamu yangu. Wacha tu, akanambia baadaye, alikuwa anaomba dua. Dua gani? Si kitu, dua tu. Ami yangu ndiye aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano.

Mtu anayesema hivyo hana ubaya. Amechoka, na jambo lenyewe kweli ni dogo. Lakini kitu kikiwa kidogo cha kutosha kusemwa kwa wenzangu, kwa nini ni kidogo mno kusemwa kwangu? Mwezi wa sita, wa saba, nilikuwa nasikia furaha ya siri kuwaona watu wenyewe wanaulizana "Nini? Umesemaje?" sokoni, kwenye benki, kila mtu kanyosha shingo. Nikasema hawa sasa wamejua. Wamejua kutafuta uso wa mtu, wameonja kuchoka kunakoletwa na kusikiliza. Hawakujua. Nilimwona mama wa vyombo, yule wa dazeni sita, akimuuliza mwenzake kitu mara tatu, na mwenzake akampungia mkono, na yeye akatulia akaondoka zake kama mtu aliyejibiwa. Alikuwa na sababu gani ya kukaa nalo? Kesho atasikia.

Dazeni tatu zilizobaki alizikataa. Niliziuza moja moja feri, mwanangu akitangaza bei.

Januari 2021 alirudi shule, nikarudi kwenye vidole. Machi 2022 serikali ikaondoa sharti la maski hadharani, na wiki ile nilikaa kibarazani kama mtoto anayengoja Idi, natazama nyuso. Wateja niliowajua kwa macho miaka miwili walikuwa na pua ambazo sikuwapangia. Mzee mmoja hasa nilikuwa namsubiri. Aliniletea kanzu za kupunguza tangu korona inaanza, na hatukuwahi kuelewana hata mara moja, nilimpunguzia moja mpaka ikawa shati. Kila mara nilijisemea moyoni: siku atakayotoa hiyo maski, mimi na wewe tutazungumza.

Akaja, uso wazi. Masharubu yameteremka mpaka mdomo wa chini kama ufagio wa makuti, na shavuni ana tonge la mogoka, yale majani ya kutafuna. Akasema kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia, masharubu yakacheza kidogo, ubavuni.

Nikamsogezea daftari na kalamu.